Meno ya Mabuu

Leo nimehesabu vinywa mia moja na sita.
Si vya watu. Vya mabuu wa usubi,
wekundu kama uzi wa kushonea nembo ya shule,
niliowachota kwa chekecheo la jikoni
chini ya daraja la Nyamwamba,
pale mto unapopita ubavuni mwa kifusi cha Kilembe
ukinyamaza kidogo,
kama mtu apitaye mbele ya duka analodaiwa.

Buu hula tope. Jani lililooza, ngozi ya mwani,
unga wa mlima ulioletwa na mvua.
Kinywani ana safu ya meno meusi, madogo kuliko neno dogo:
la kati refu, mengine yakishuka huku na huku
kama mabati ya paa.
Ndivyo inavyotakiwa.

Lakini huyu wa kumi na saba hana la kati.
Huyu mwingine anayo mawili yaliyogandana.
Na huyu ana pengo. Nikacheka, Mungu anisamehe,
maana ni pengo lilelile la Ithungu, kitindamimba wangu,
aliyerusha jino juu ya paa Jumapili
na tangu hapo halali, anasikiliza mabati.

Shaba hainuki. Kobalti haipigi hodi.
Maji ya hapa ni maangavu, wageni huyapiga picha.
Ukitaka kujua kilichomo
huna budi kumwinamia asiye na sauti
umfumbue kinywa kwa sindano.

Juu ya kifusi, ambako hata magugu yamekataa,
yuko aliyekubali.
Haonekani. Hana mguu wala jicho.
Hula chuma na kiberiti
kama sisi tulavyo bundu kwa sombe,
na kila anaposhiba, jiwe linalegea,
tindikali inachuruzika, shaba iliyolala inaamka
na kushuka na mvua hadi ziwani.
Sina la kumlaumu. Ameona chakula, amekaa.

Baba yangu Thembo alilifungua jiwe hilo kwa baruti.
Huyu hulifungua kwa njaa.
Kampuni ilipofunga, baba alipewa barua na blanketi.
Kijidudu hakuna aliyemwandikia barua.
Hadi leo yuko zamu,
mchana na usiku, bila kofia ya chuma,
bila kikohozi.

Wengine wana njia zao.
Konokono wa Hamukungu huvuta mlango, husubiri,
na kusubiri kwake kukizidi tunaokota kombe tupu.
Kambare huikamata sumu,
huizungushia protini, huifunga fundo iniini
kama shangazi afungavyo noti kwenye pindo la kitenge:
ipo, lakini haitumiki.
Fundo huchosha, lakini. Samaki mwenye mafundo mengi
hakui sana.
Mzani wa mnadani hausemi kwa nini.

Bwambale, anayetuletea samaki wa vipimo,
aliniuliza: Sasa tule au tusile?
Nikamwambia bado tunahesabu.
Akanitazama kama mtu aliyeomba maji
akaletewa bilauri.

Jioni Ithungu ananiwekea uso chini ya taa.
Mama, limetoka?
Ninamfumbua kwa kidole. Ninaangalia kwa muda mrefu,
muda mrefu kuliko mama anavyopaswa.
Kuna ncha nyeupe, ya kati, imesimama sawa.
Anashangaa kwa nini nimekaa chini.

Kesho nitarudi kwa wa kumi na saba.
Fomu ina safu ya maelezo, upana wake vidole viwili.
Sijui waliopanga fomu walidhani tutaona nini.
Nimeandika kwa herufi za kubanana:
Jino la kati hakuna.
Tumbo limejaa tope.
Alikuwa akila.